Kula Ndani au Nje: Mgahawa Wakati wa Maradhi ya Hewa

Nimeombwa nizungumzie jambo linaloonekana dogo. Mtu ana njaa. Ugonjwa umetangazwa. Yuko mbele ya hoteli. Aingie akae, afungiwe chakula aondoke nacho, au aendelee na safari yake na njaa yake?

Linaonekana dogo kwa sababu tumezoea kuliona kuwa shauri la mtu na tumbo lake. Mimi naamini kwamba mtu huyo anapofika mlangoni, sehemu kubwa ya uamuzi wake imekwisha kuamuliwa na wengine. Ameamua fundi aliyejenga ukuta bila dirisha. Ameamua tajiri aliyemwambia mhudumu mwenye homa kwamba asipokuja leo, hela ya leo hana. Imeamua serikali, kwa lililosemwa na kwa lililonyamaziwa. Nitatumia mfano wa corona kwa sababu tuliuishi sote, na nitakaa zaidi hapa kwetu: Sirari, Tarime mjini, Nyamongo na Mugumu.

Tukumbushane kwanza. Tarehe 16 Machi 2020, Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini, Mtanzania aliyekuwa ametoka Ubelgiji na kushukia Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro. Kesho yake shule zilifungwa, na mikutano na michezo ikasimamishwa. Hoteli, baa, masoko, makanisa na misikiti viliachwa wazi. Wenzetu wa Kenya walikuwa wamemtangaza mgonjwa wao wa kwanza siku chache kabla, tarehe 13, nao wakachukua njia nyingine: kabla mwezi haujaisha baa zao zilikuwa zimefungwa, hoteli zimeamriwa kuuza chakula cha kubeba tu, na kuanzia tarehe 27 Machi mtu hakuruhusiwa kuwa nje baada ya saa moja jioni.

Sasa mjue maana yake pale mpakani. Sirari ya kwetu na Isebania ya upande wa Kenya ni watu walewale. Wakurya wako pande zote mbili, wanaoleana, wanazikana, na ng'ombe wa huyu amechungwa na mjomba wake upande wa pili. Kituo cha forodha chenyewe ni cha pamoja. Lakini kwa majuma kadhaa ya mwaka ule, mtu aliyesimama upande wa Isebania alipaswa kupokea chakula chake kwenye mfuko, na aliyesimama Sirari aliweza kuketi kwenye benchi bega kwa bega na asiowajua, akala, akashushia na chai. Ugonjwa ni uleule, upepo ni uleule, na pengine shangazi aliyepika ni wa ukoo mmoja.

Mwishoni mwa Aprili Kenya ilianza kulegeza: hoteli zifunguliwe kwa masharti, wafanyakazi wapimwe, meza ziachane, mteja apimwe joto mlangoni. Halafu tarehe 16 Mei Rais Kenyatta akafunga mpaka wa Tanzania na ule wa Somalia kwa watu, akaacha mizigo ipite, na madereva wa malori wapimwe kabla ya kuingia. Wenye kumbukumbu ya foleni za wakati ule mpakani hawana haja ya kuelezwa. Dereva anayesubiri majibu ya kipimo lazima ale. Mwenye jiko lake la gesi chini ya tela alisonga ugali wake hapohapo, akamaliza. Asiye nalo alikwenda penye moto.

Watu wengi wamebishana ni nani aliyekuwa sahihi, Nairobi au Dodoma. Mabishano hayo yana uzito na nitayarudia. Lakini kuna swali ambalo pande zote mbili hazikuliuliza kwa sauti ya kutosha: hewa ya mahali pale pa kulia inatoka wapi na inakwenda wapi? Kenya ilifunga banda lililo wazi pande nne sawasawa na ukumbi wa vioo. Sisi tuliacha wazi ukumbi wa vioo sawasawa na banda.

Nadhani najua kwa nini swali hilo lilitupita. Elimu yetu ya usalama wa kula nje ya nyumba ilitoka kwenye kipindupindu. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa sehemu kubwa ya nchi, na kila mtu hapa anakumbuka yaliyofuata: matunda yaliyomenywa yakapigwa marufuku, vyakula vya barabarani vikamwagwa, mabwana afya wakapita mabandani wakikagua maji na vyoo. Kwa kipindupindu, somo lile lilikuwa la kweli. Ugonjwa ule unapita kwenye kinyesi, maji na mikono, kwa hiyo chakula cha moto, maji yaliyochemshwa, choo safi na sabuni vinaokoa maisha, na aliyeacha kuvizingatia leo arudi kwenye darasa hilo mara moja.

Corona ilipokuja tukachukua darasa lilelile. Kila mlango ukapata ndoo yenye koki na kipande cha sabuni. Ilipendeza kuona. Nimesimama kwenye hoteli moja ambayo mteja hakuweza kuvuka kizingiti bila kunawa mpaka kwenye viwiko, halafu akaingia chumba kisicho na dirisha hata moja, akakaa na watu wengine kumi na kitu wakitazama mpira, wakipiga kelele saa mbili nzima. Mikono yao ilikuwa safi kabisa.

Mnisikilize vizuri hapa, maana sitaki mtu aondoke akisema nimewaambia wasinawe. Naweni. Lakini corona husafiri hasa katika pumzi. Mtu akipumua, akiongea, akicheka au akiimba, anatoa chembechembe ndogo mno za majimaji. Zilizo kubwa huanguka karibu, zilizo ndogo huelea, na ndani ya chumba kilichofungwa hulimbikizana. Na mtu hawezi kula huku amefunika mdomo. Kwa hiyo mgahawa una kitu ambacho sokoni hakipo, dukani hakipo, hata ndani ya basi kinaweza kuepukwa: kila mmoja lazima avue barakoa, akae muda mrefu, aongee, tena wote kwa wakati mmoja.

Ushahidi ulipatikana mapema. Tarehe 24 Januari 2020, mkesha wa mwaka mpya wa Kichina, familia moja iliyokuwa imefika siku iliyotangulia kutoka Wuhan ilikula chakula cha mchana kwenye mgahawa wa mji wa Guangzhou. Ukumbi ule haukuwa na madirisha, ulipozwa kwa kiyoyozi. Siku zilizofuata watu 10 waliugua, wote kutoka familia tatu zilizokaa kwenye meza tatu jirani. Watafiti walipochora ramani ya meza na mashine, waliona kwamba meza zote tatu zilikuwa kwenye mkondo mmoja wa upepo wa kiyoyozi, uliokwenda mpaka ukutani na kurudi. Ghorofa ile siku ile ilikuwa na walaji 83 na wahudumu 8. Hakuna mhudumu aliyeugua, wala mlaji wa meza zilizokuwa nje ya mkondo ule.

Mfano wa pili unanitisha zaidi. Juni mwaka huohuo, katika mji wa Jeonju nchini Korea Kusini, mtu aliambukizwa mgahawani na mgonjwa aliyekaa umbali wa mita 6 na nusu, na walikuwa pamoja ndani ya chumba kile kwa takriban dakika tano tu. Tena ni upepo wa mashine uliobeba. Zile mita moja au mbili tulizokuwa tukihubiriwa, penye hewa iliyofungwa na upepo unaozunguka, hazikumfaa kitu.

Marekani nako kituo chao cha kudhibiti magonjwa kilichapisha utafiti Septemba 2020: watu wazima waliokutwa na corona walikuwa na uwezekano karibu mara mbili ya wenzao wa kusema kwamba walikuwa wamekula mgahawani katika siku 14 zilizotangulia. Uaminifu unanitaka niongeze kwamba utafiti ule haukutenganisha waliokaa ndani na waliokaa nje. Uingereza ilifanya kinyume cha tahadhari: Agosti 2020 serikali ililipa nusu ya bei, mpaka pauni 10 kwa kila mlaji, Jumatatu hadi Jumatano, ili watu warudi mahotelini. Milo zaidi ya milioni 100 ililiwa hivyo. Mchumi Thiemo Fetzer wa Chuo Kikuu cha Warwick alikadiria baadaye kwamba kati ya asilimia 8 na 17 ya mafungu mapya ya maambukizi ya kipindi kile yalitokana na mpango huo. Wenye hoteli walipumua kwa mwezi mmoja, kisha vuli likaja na kufungwa kukarudi.

Nirudi nyumbani. Kuna banda moja karibu na stendi ya Tarime ambako hula nikiwa na safari ya asubuhi. Nguzo sita za mti, paa la bati, ukuta wa mbao unaofika usawa wa meza, juu yake pako wazi. Mama mwenye banda hupika kwa kuni upande wa nyuma. Nimemtazama akisonga ugali wa udaga: sufuria ameibana kwa miti miwili, mwiko anaukandamiza kwa mikono yote miwili, na moshi unamjia usoni, anageuza kichwa, halafu moshi wenyewe unapanda, unagonga bati, unafuata mteremko wa paa na kutoka upande wa barabara. Alikuwa na mabati mawili zaidi ya kuzibia upande ule. Aliyaondoa mwenyewe, kwa sababu wateja walikuwa wakitoka machozi kabla chai haijafika.

Pale ndipo kipimo kilipo, na hakihitaji maabara. Pumzi ya mtu inafuata njia ya moshi. Moshi wa jiko ukitoka upesi, pumzi ya jirani yako nayo inatoka upesi. Ukikuta nguo zako zinanuka samaki wa kukaanga saa tatu baada ya kuondoka hotelini, jua kwamba ulikuwa ukivuta hewa ambayo haikuwa na pa kwenda. Nchi nyingine zimeweka vifaa vidogo vinavyosoma hewa ya ukaa ukumbini: nje husoma kama 420 katika kila milioni, na chumba kilichojaa watu bila madirisha hupita elfu moja kwa urahisi. Kwetu, jiko likiwa ndani, namba hizo zitavurugika kwa sababu moto nao hutoa hewa hiyohiyo. Macho na pua vitatutosha. Na nimwambie mama yule, kama yuko humu: wateja wako ni salama kuliko wewe mwenyewe, maana moshi ule unapita kwako kwanza, na mapafu yako nayo yanahitaji dohani.

Basi tukipima kwa njia hiyo, madaraja tuliyozoea yanageuka. Banda la mama lishe, ambalo kila kampeni ya usafi huanzia hapo, kwa ugonjwa wa hewa ndiyo sehemu nzuri kuliko nyingi. Inayofuata ni hoteli yenye madirisha yanayotazamana, ambamo upepo unaingia huku na kutokea kule. Chini yake ni ile iliyofunguliwa kwenye fremu ya duka: mlango mmoja wa mbele, ukuta nyuma, feni juu inayozungusha hewa ileile, runinga kwenye kona. Na ya chini kabisa ni ukumbi wa heshima wenye vioo visivyofunguka na kiyoyozi kinachopoza hewa bila kuleta mpya, ambamo tunawapeleka wageni wetu wakubwa ili tuwaheshimu. Nendeni Kogatende, ukingoni mwa Mto Mara, mahali watalii wanapokwenda kutazama nyumbu wakivuka kati ya Julai na Oktoba. Watu wanaolipa pesa nyingi sana wanapakuliwa chakula chini ya turubai lililofunguliwa pande zote, wakitazama nyika. Wanalipia hewa. Mama wa stendi anayo hiyo hewa, na kila akisikia gari la halmashauri anaogopa kubomolewa.

Tarime ni nchi ya juu na ya baridi, na baridi ndiyo inayotufungisha madirisha. Asubuhi ya Juni, mtu akiwahi chai na chapati, hatakushukuru ukifungua dirisha lililo mgongoni pake. Ongeza mpira. Siku ya Simba na Yanga, hoteli zetu nyingi hugeuka kuwa vibanda umiza: pazia zinashushwa ili kioo kionekane, watu wanabanana, na sauti zinapanda. Mtu anayepiga kelele anatoa chembechembe nyingi mara kadhaa kuliko anayeongea taratibu. Muziki mkubwa nao unafanya kazi hiyohiyo, kwa kuwa unamlazimisha kila mtu kumpigia kelele mwenzake sikioni. Kupunguza sauti ya redio ni kinga isiyogharimu hata shilingi, na sikumbuki kuisikia kwenye tangazo lolote.

Sasa nizungumzie waliopoteza riziki, kwa sababu anayewaambia watu wasikae hotelini lazima awatazame usoni wenye hoteli. Watalii wa kigeni walioingia Tanzania mwaka 2019 walikuwa 1,527,230. Mwaka 2020 walikuwa 620,867. Kila anayeishi Mugumu, Robanda au Natta anajua namba hizo zilivyoonekana mtaani: wapishi na wahudumu wa kambi walirudi nyumbani, na waliporudi hawakuwa tena na hela ya kununua sahani ya wali kwa jirani. Mama lishe wa Mugumu hakuwahi kumhudumia mtalii hata mmoja, na bado mtalii alipokosekana mwaka ule, sufuria yake ilipungua. Kwa hiyo sijawahi kukubaliana na wanaosema hoteli ni anasa inayoweza kufungwa bila mtu kuumia.

Rais Magufuli alikataa kufunga shughuli kwa hoja kwamba watu wetu wengi wanakula walichokitafuta siku ileile. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli, na kwa upande wa mabanda ya wazi nasema uamuzi wa kutoyafunga ulikuwa sahihi. Mchimbaji mdogo wa Nyamongo aliyetoka shimoni, abiria wa basi la Mwanza aliyepewa dakika ishirini, dereva wa foleni ya Sirari: hawa hawana jikoni pa kurudi. Kufunga banda ni kuwaondolea mahali pa wazi na kuwasukuma kwenye chumba cha kupanga walimojazana wanne.

Lakini kulikuwa na upande wa pili, na huo siwezi kuutetea. Mwishoni mwa Aprili 2020 tulitangaziwa wagonjwa 480 na vifo 16 kwa nchi nzima. Baada ya hapo, tukiondoa wachache waliotangazwa Zanzibar, hesabu zilikoma. Kwenye orodha za dunia Tanzania ilibaki na wagonjwa 509 kwa zaidi ya mwaka mmoja, namba imesimama palepale huku watu wakizikwa. Mimi nauliza: mtu wa Mugumu, mama yake mzee ana kisukari, anataka kujua juma hili akae hotelini au afungiwe chakula, alipaswa kutumia kipimo gani? Alihesabu misiba. Aliuliza nani amelazwa. Wakati ugonjwa ulipopanda tena, Juni 2021, Kenya iliziwekea kaunti 13 za magharibi na kando ya ziwa masharti makali, watu wawe majumbani kuanzia saa moja jioni, na Migori ilikuwa mojawapo. Migori ni kule tunakokuona kwa macho tukisimama Sirari. Wengi wa upande huu walijua hali ya hewa waliyokuwa wakivuta kwa kusikiliza redio ya upande ule.

Mwambie mtu ajihadhari, halafu mfiche kuna nini nje: hapo umemwachia lawama bila uwezo. Ndiyo maana yaliyofanyika baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuapishwa Machi 2021 nayaheshimu. Aliunda kamati ya wataalamu; takwimu zikaanza kutajwa tena; tarehe 24 Julai dozi 1,058,400 za chanjo ya Johnson & Johnson zikapokelewa, na siku nne baadaye akachanjwa hadharani mbele ya kamera. Mtu akabaki huru kukubali au kukataa, ila sasa alikuwa na kitu mkononi cha kupimia.

Nimemtaja mlaji mno. Nimtazame mhudumu. Mlaji anakaa nusu saa; mhudumu yuko mle tangu saa kumi na mbili asubuhi. Anainama juu ya kila meza, anakusikiliza ukiagiza huku muziki ukipiga, anakuja na jagi na beseni kukunawisha, uso wake uko sentimita chache kutoka usoni pako. Akiwa mgonjwa anakuambukiza. Ukiwa mgonjwa unampelekea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Hiyo ni sheria nzuri. Wangapi kati ya mabinti wanaobeba sahani pale stendi wana mkataba unaowafikisha kwenye kifungu hicho? Wanalipwa jioni, kwa siku. Akikohoa anameza dawa, anafunga kitambaa kichwani, anakuja. Wenye hoteli mlioko hapa, nawaomba kwa dhati: anayekohoa mlipeni siku yake abaki kwao. Ni gharama ndogo kuliko hoteli nzima kusikika mtaani kwamba ndiko watu walikotoka na ugonjwa.

Na kuna jambo ambalo wataalamu wa kutoka mbali hawaliandiki kwenye miongozo yao. Kwetu kukataa chakula ni kumkataa mtu. Ukifika kwa mzee wa Kikurya, mbuzi amechinjwa, nyama ipo na kichuri kipo, sinia ni moja na mikono ni mingi, huwezi kusema utakula ukifika nyumbani. Hotelini mambo ni mepesi, unasema "nifungie" na hakuna anayeumia. Nyumbani kwa mtu, na hasa msibani, ndiko tulikoambukizana kwa heshima. Ushauri wangu kwa vijana ni huu: msikatae chakula, ombeni mahali. "Mzee, tukae hapa uani kwenye kivuli, ndani kuna joto." Wazee wetu walikuwa wakizungumza na kunywa uani, ng'ombe wakiwaona, kabla sebule ya makochi haijaja. Hakuna mzee atakayeona amedharauliwa kwa kurudishwa kwenye kigoda chake chini ya mti. Na kila mmoja apakuliwe sahani yake. Sinia litarudi ugonjwa ukipita.

Mnaniuliza mimi mwenyewe hufanyaje. Wakati wa ugonjwa wa hewa, mabanda ya wazi sikuyaacha, niliyafuata zaidi. Kwenye hoteli ya madirisha yanayotazamana niliingia saa za watu wachache, saa tano au saa tisa, nikala nikaondoka, mazungumzo tukayafanyia nje. Kwenye fremu ya mlango mmoja nilisimama kizingitini nikasema nifungie, hata mwenye hoteli akiwa rafiki yangu. Nyumbani nilikuwa na mzee wa kumlinda. Kijana anayeishi peke yake angeweza kupima vingine, mradi asije kumsalimu bibi yake kesho yake. Na ukumbi wa kiyoyozi niliukataa hata ilipokuwa mikutano ya heshima.

Msidhani nazungumzia jambo lililopita. Kifua kikuu kinasafiri katika hewa ileile, na Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa kuliko zote wa ugonjwa huo. Wachimbaji wanaovuta vumbi la mawe ni wepesi zaidi kuupata, nasi tuna Nyamongo. Mchimbaji anayekohoa kwa majuma matatu, ambaye hajapima, jioni hii anakula mahali fulani katika wilaya zetu. Mabwana afya mnapokuja kukagua, kwa mamlaka mliyopewa na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, mnauliza choo, mnauliza maji, mnauliza cheti cha kupima afya cha mpishi. Ulizeni pia: hewa inaingilia wapi, na inatokea wapi? Mkikuta inatoka vizuri kwenye banda la mbao, msilibomoe kwa sababu ya sura yake.

Akina mama wataniambia, na wameshaniambia, kwamba upande ukiachwa wazi vumbi la barabara linaingia kwenye mboga, mvua inalowesha benchi, na baridi inafukuza wateja. Wana haki. Kwa hiyo nimekaa na fundi tukachora. Ukuta wa mbao au tofali uishie usawa wa meza, ili vumbi la chini lizuiwe. Juu paachwe wazi pande mbili zinazotazamana, si upande mmoja. Paa lizidi ukuta kwa hatua moja nzuri ili mvua isiingie. Turubai likunjwe juu, lishushwe upande unaokuja mvua tu, na lipandishwe ikikatika. Sufuria zifunikwe, hilo mnalijua. Jiko liwe upande ule upepo unakoelekea, likiwa na dohani inayopita bati. Benchi zielekee nje, watu wakae ubavu kwa ubavu wakitazama barabara, badala ya kutazamana na kupumuliana usoni. Mchoro nimeuacha kwa katibu wa mkutano, na nakala yake nimeiombea nafasi kwenye ubao wa matangazo wa stendi ya Mugumu.